Majeruhi bila daftari hupotea bila habari

ILIKUWA yapata saa moja na nusu jioni, mvua imetoka kunyesha na lami ya Kigali inang'aa kama kioo. Jirani yangu, mama mfanyabiashara wa vitenge ambaye kila baada ya wiki mbili huvuka Gatuna kwenda kufuata mzigo Kampala, alikuwa amepanda pikipiki akitokea kituo cha mabasi cha Nyabugogo kurudi nyumbani. Gari dogo likakata kona mbele yao ghafla. Dereva wa pikipiki alichubuka mkono tu. Mama alirushwa, kofia yake ngumu ikagonga ukingo wa barabara, akalala pale bila kusema neno.

Mimi nilipigiwa simu kwa sababu namba yangu ndiyo aliyoipiga mwisho. Nilipofika, gari la wagonjwa nalo ndiyo kwanza lilikuwa limefika. Watu walikuwa wamekwisha kumshika mikono na miguu, tayari kumbeba mzobemzobe hadi kwenye teksi. Muuguzi akawazuia kwa upole.

"Jamani, mwacheni kwanza. Shingo yake hatuijui."

Akapiga magoti, akakishika kichwa cha mama kwa mikono miwili, akamwita, akasikiliza pumzi, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka, akapapasa mapigo ya moyo. Kila alichokipima, mwenzake alikiandika kwenye karatasi na kuweka saa kando yake.

Hospitalini tulipokewa na watu wanne. Mmoja alisimama upande wa kichwa, mmoja akafungua mshipa wa mkono, mmoja akakata nguo kwa mkasi. Wa nne alisimama miguuni pa kitanda bila kumgusa mgonjwa hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kuamuru na kuhakikisha kila jibu limeandikwa.

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20, na mtu aliyefundishwa namjua nikimwona. Wale wanne hawakuwa wakibahatisha. Walikuwa wakifuata somo.

Mama yule alipona, na leo yupo sokoni na vitenge vyake. Lakini usiku ule, nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, sikuwa nikimfikiria yeye peke yake. Nilikuwa nikimfikiria kaka yangu.

Usiku wa Karagwe

Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1959. Nimezaliwa na kusomeshwa Tanzania, mkoani Kagera, na nchi ambayo wazazi walikuwa wakituhadithia niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa kijana. Mwaka 1993 tulikuwa bado Karagwe. Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya biashara ya maharage, na jioni moja alianguka kutoka juu ya shehena ya lori lililokuwa likipanda mlima.

Alifikishwa hospitali kwa gari la kubebea mizigo, zaidi ya saa tatu baada ya kuanguka. Hospitali hiyo sitaitaja. Alikuwa amelala chali, macho amefumba, akikoroma kwa sauti nzito. Akibanwa kucha alivuta mkono na kuguna. Mguu wake ulikuwa na jeraha linalotisha kwa macho, basi watu wote wakakimbilia mguu. Ukasafishwa na kufungwa bendeji vizuri kabisa. Mkoromo ukachukuliwa kuwa ni usingizi, tukaambiwa tumwache apumzike hadi daktari atakapofika asubuhi.

Kabla ya alfajiri mkoromo ulinyamaza.

Wale waliokuwa zamu walikuwa watu wema. Mmoja wao alilia pamoja nasi. Hawakuwa wamefundishwa, basi. Baba alipouliza mwanawe amekufa kwa nini, walimfungulia daftari la wodi. Palikuwa na jina, umri wa kukisia, na neno moja: "ajali".

Neno hilo nimetembea nalo kwa zaidi ya miaka 30. Wafanyabiashara wenzetu wa mipakani wanao msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile niliona kuwa hata binadamu yuko hivyo hivyo.

Siku tatu darasani, miezi 12 wodini

Baada ya ajali ya jirani yangu nilianza kuuliza: somo lile wale watu walilipata wapi? Hakuna mlango mmoja wa kuingilia historia hiyo, lakini upo mmoja unaofaa kuanzia, nao ni Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kigali, ambayo wengi tunaiita CHUK, katika miezi ya Oktoba na Novemba mwaka 2011.

Wakati huo nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 10, ilikuwa na madaktari wasiofika 700 katika hospitali za umma. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliua na kutawanya wauguzi na madaktari, na mtu wa kazi hiyo haoti kwa msimu mmoja kama mahindi. Huduma ya magari ya wagonjwa ya SAMU, yenye namba 912, ilikuwa imeanza mwaka 2007 tu. Gari linaweza kumfikisha majeruhi mlangoni. Swali lilikuwa: akishafika mlangoni, nani anafanya nini kwanza?

Ndani ya mwezi mmoja yakafanyika mafunzo mawili mjini Kigali, kila moja la siku tatu. La kwanza ni lile linalojulikana duniani kwa herufi ATLS, likapewa wahadhiri na madaktari wanaosomea ubingwa, jumla yao 24. La pili liliandaliwa na mtandao wa wapasuaji wa Kanada na linahusu kufanya kazi kama timu. Hilo likapewa watu 25, na humo wauguzi walikaa benchi moja na madaktari.

Mpaka hapo hakuna ajabu. Semina tumeziona sote: cheti, soda, picha ya pamoja, kisha kila mtu anarudi kwenye mazoea yake. Ajabu ni kwamba hospitali ilikuwa tayari na rejesta ya majeruhi, daftari maalumu ambamo kila aliyeumia aliandikwa: ameumiaje, amefika katika hali gani, amefanyiwa nini, ametoka vipi. Kwa hiyo wakaweza kufanya jambo ambalo sisi walimu hulifanya kwa nadra. Walilinganisha miezi sita kabla ya somo na miezi sita baada ya somo. Si kwa mtihani wa karatasi. Kwa kuhesabu walioishi na waliokufa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kimataifa la upasuaji. Miongoni mwa waandishi wake walikuwamo wapasuaji wa hapa nyumbani, Jean Claude Byiringiro na Georges Ntakiyiruta, pamoja na wenzao wa Marekani na Kanada.

Mtihani ambao hakuna anayepata sifuri

Ili kuyaelewa matokeo, lazima msomaji ajue kwanza alama wanazotumia kumpima aliyeumia kichwa. Kipimo hicho kilibuniwa Glasgow, Scotland, mwaka 1974. Macho yana alama nne, maneno alama tano, na mwitikio wa viungo alama sita. Mwenye fahamu kamili anapata 15. Asiyeitikia chochote anapata tatu, kwa maana kila sehemu huanzia moja. Ni mtihani pekee ninaoujua ambao hata aliyelala kabisa hapati sifuri.

Mwenye alama nane au chini ya hapo yuko hatarini mno. Ulimi wake hulegea na kurudi nyuma, matapishi au damu huweza kuingia kwenye mapafu, na ule mkoromo tunaoudhani usingizi ni njia ya hewa inayoziba. Ubongo uliojeruhiwa ukikosa hewa safi, jeraha la kwanza hufuatwa na la pili, na mara nyingi hilo la pili ndilo linaloua.

Ndiyo maana somo lina mpangilio usiobadilika. Kwanza njia ya hewa, huku shingo imeshikwa isitikisike. Pili upumuaji. Tatu mzunguko wa damu, yaani kuzuia damu isimwagike. Nne ufahamu. Tano kumvua na kumtazama mwili mzima, kisha kumfunika asipate baridi. Mguu uliovunjika, hata ukitisha vipi, husubiri zamu yake, isipokuwa kama unamwaga damu kwa wingi.

Kaka yangu nimempa alama mwenyewe, nikikumbuka usiku ule. Macho moja, maana hakuyafumbua. Maneno mbili, maana aliguna tu. Viungo nne, maana alivuta mkono. Jumla saba.

Sasa tazama daftari la Kigali. Katika miezi sita ya kabla ya mafunzo, majeruhi waliofuatiliwa walikuwa 798. Miongoni mwao, wenye alama tatu hadi nane walikufa 55 kati ya 94, yaani asilimia 58.5. Katika miezi sita ya baadaye majeruhi walikuwa 575, na katika kundi hilo hilo la waliozimia walikufa 23 kati ya 62, yaani asilimia 37.1. Kwa lugha ya sokoni, mwanzo katika kila kumi walikuwa wakifa karibu sita. Baadaye wakawa wanafikia wanne kwa shida.

Hesabu isiyojipendelea

Mwalimu mwenye haraka angeishia hapo na kupiga makofi. Watafiti hawakufanya hivyo, na kwangu hapo ndipo penye thamani ya kazi yao.

Walipowahesabu majeruhi wote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 8.8 hadi 6.3. Ni kupungua, lakini hesabu za kitakwimu zilionyesha kuwa tofauti ya kiasi hicho ingeweza kutokea kwa bahati tu, nao wakaandika hivyo. Wakatazama pia kama watu walikuwa wakifanya mambo mapya: kuweka mrija wa hewa mapema, kola ya shingo, picha, kuongeza damu. Kwa ujumla hawakukuta tofauti ya maana. Ni wale waliozimia zaidi tu, wenye alama tatu hadi tano, ambao walipelekwa kwenye skani ya kichwa na eksirei ya kifua mara nyingi kuliko kabla.

Basi nini kiliwaokoa waliookoka? Watafiti wenyewe walisema sababu zaweza kuwa nyingi na zilizochanganyikana. Huenda jambo jingine lilibadilika hospitalini katika miezi hiyo. Huenda faida ilitokana na mambo ambayo rejesta haina safu yake: nani alianza kuangalia kifua kabla ya mguu, nani alithubutu kumwamsha daktari saa nane za usiku, muuguzi gani alisema "huyu hapumui vizuri" na akasikilizwa. Mimi naegemea hilo la mwisho, lakini ni maoni yangu, si takwimu.

Walichokisema kwa uwazi ni kwamba mafunzo ya siku tatu peke yake hayatoshi. Yanahitaji kwenda pamoja na vifaa na na walezi wanaobaki kazini na wanafunzi wao kwa muda mrefu. Mwalimu yeyote wa kijijini angewaunga mkono. Mtoto hajifunzi kusoma kwa semina.

Somo lililozaliwa shambani

Historia ya mafunzo yenyewe inastahili kusimuliwa. Februari 1976 daktari mpasuaji wa mifupa wa Marekani, James Styner, alikuwa akirusha ndege yake ndogo pamoja na familia, ikaanguka katika shamba huko Nebraska. Mkewe alikufa papo hapo, na watoto wake watatu kati ya wanne waliumia vibaya. Alipowafikisha hospitali ya karibu aliona kwamba huduma waliyopewa pale ilikuwa duni kuliko aliyowapa yeye mwenyewe shambani. Yeye na wenzake wakatunga kozi, ikafundishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 katika mji mdogo wa Auburn, Nebraska. Mwaka 1980 chama cha wapasuaji wa Marekani kikaichukua na kuieneza.

Nilipoisoma habari hiyo nilitulia kidogo. Kumbe hata katika nchi tajiri watu wema waliwahi kusimama kando ya kitanda bila kujua waanzie wapi.

Hata hivyo, si kila kitu kilitoka mbali. Hapa jirani Kampala, mpasuaji Olive Kobusingye na mwenzake wa Kanada Ronald Lett walikuwa wamekwisha kuonyesha, katika miaka ya 1990, kwamba rejesta ya majeruhi inawezekana hata hospitali isipokuwa na kompyuta. Walitumia fomu fupi, na wakabuni kipimo kinachoitwa kwa jina la Kampala, kinachohitaji mambo matano tu: umri, idadi ya majeraha makubwa, presha ya damu, kasi ya kupumua na hali ya fahamu. Mambo hayo muuguzi mmoja anaweza kuyapata kwa dakika chache. Kazi yao kuhusu rejesta za Uganda ilichapishwa mwaka 2000. Kwa hiyo mfanyabiashara anayedhani kutoka Kampala huja vitenge na sabuni tu, ajue na elimu hupita njia hiyo hiyo.

Kutoka siku tatu hadi miaka

Kigali haikuishia kwenye semina. Mwaka 2012 serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kusomesha wataalamu wa afya kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Marekani, wahadhiri wakija kukaa na kufundisha papa hapa. Novemba 2013 CHUK ikaanza stashahada ya uzamili ya tiba ya dharura, na Agosti 2015 ikafuata kozi kamili ya ubingwa. Kabla ya hapo chumba cha dharura kilikuwa mikononi mwa madaktari wa kawaida peke yao.

Safari hii nayo daftari lilifunguliwa. Watafiti walichukua mwaka mmoja kabla ya kozi, Novemba 2012 hadi Oktoba 2013, na mwaka mmoja baadaye, Agosti 2015 hadi Julai 2016, wakachambua mafaili 3,609 yaliyochaguliwa bila upendeleo. Hawa walikuwa wagonjwa wa dharura wa kila aina, si majeruhi peke yao. Waliofia katika chumba cha dharura walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.2. Vifo vya wagonjwa hao katika hospitali nzima vilishuka kutoka asilimia 12.2 hadi 8.2.

Ukizitazama namba hizo mbili kwa pamoja utaona jambo. Upungufu ni mkubwa mlangoni kuliko katika hospitali nzima, na huenda maana yake ni kwamba baadhi ya waliookolewa chumba cha dharura walifia mbele ya safari. Somo likifika mlangoni peke yake, kifo chaweza kuhamia chumba cha pili. Bila daftari, hilo nalo lisingejulikana.

Na sisi tunaovuka mipaka?

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa Gatuna, Rusumo, Kagitumba na Rubavu. Maisha yetu ni barabara. Kwanza, tukumbuke kwamba Uganda na Tanzania magari hupita kushoto, na Rwanda na Kongo hupita kulia. Mimi mwenyewe, wiki ya kwanza niliporudi, nilinusurika kugongwa kwa sababu niliangalia upande niliozoea Karagwe. Ukivuka mpaka, geuza na shingo.

Pili, mkanda wa kofia ya pikipiki ufungwe. Kofia iliyolegea huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Tatu, ajali ikitokea hapa Rwanda, piga 912 kabla ya kushika mikono na miguu ya mtu. Wakati unasubiri, usimkunje, usimkalishe, usimpe maji. Kichwa na shingo vikae mstari mmoja. Damu inayomwagika igandamizwe kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara kutazama. Na ukisikia mtu aliyezimia anakoroma, usiseme amelala. Ni mtu anayekabwa. Mwambie haraka aliye kwenye simu.

Nne, angalia saa. Ukifika hospitali utaulizwa ajali ilitokea lini, alizimia papo hapo au baadaye, alitapika au hakutapika, anakunywa dawa gani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, usione haya kukitumia ukikwama. Majibu yako yataandikwa, na huenda siku moja yakamfundisha mtu mwingine.

Mwezi uliopita jirani yangu alinionyesha karatasi yake ya kutokea hospitali, anayoitunza pamoja na risiti za mzigo. Alitaka nimsomee. Saa ya ajali ilikuwapo, saa ya kufika, alama 10 barabarani, 13 usiku wa manane, 15 siku ya tatu. Yote kwa mwandiko wa watu watatu tofauti.

"Mwalimu, yote haya wameandika ya nini?" aliniuliza.

Nilimwambia ni daftari la biashara, na kwamba safari ile biashara ilikuwa yeye. Akacheka, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nikifikiria daftari lile la Karagwe lenye neno moja, na baba aliyeondoka duniani bila kujibiwa swali lake.